Usianze na Mfadhili, Anza na Nauli

Nimepata ujumbe kutoka kwa msichana wa kisiwa cha Pate. Mji wake siutaji, maana kule ukishataja mji umeshataja nyumba. Ameniamkia kwa adabu, shikamoo mama, habari za Malindi, halafu akaingia kwenye haja yake: yeye na wenzake wachache wanaishi na virusi vya Ukimwi, wamejuana kwa kukutana kliniki, na sasa wanataka kuanzisha kikundi cha kusaidiana. Swali lake ni moja. Mfadhili anapatikana wapi?

Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu hukuuliza peke yako. Wananiandikia wa Mpeketoni, wa Hola, wa Kwale, na wote mlango wanaoingilia ni huo huo wa mfadhili. Wengine jina wameshalitunga, nembo wameshaichora, fulana wameshazichagulia rangi. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza watu wake watafikaje kliniki.

Na jibu umelitoa mwenyewe bila kulikusudia. Umesema dawa huchukui kwenye kituo cha kwenu, unapanda boti mpaka Amu, mjini Lamu, kwa kuwa kwenu kila aliyekaa kwenye benchi ni jamaa yako, hata anayetoa dawa. Basi anza na hiyo boti.

Mimi nilipimwa mwaka 2008, kliniki ya wajawazito, nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili. Enzi zile hukuanzishiwa ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, siku hiyo hiyo. Ulihesabiwa CD4, chembe za kinga za kwenye damu, na kama kinga haijashuka vya kutosha ulirudishwa nyumbani ukangoje ishuke. Nyinyi mnaopewa dawa mara tu mkigundulika, mjue utaratibu huo Kenya umeanza mwaka 2016. Sisi tulikaa majumbani tukingoja kuugua. Mtoto alipewa dawa yake ya matone, akapimwa, akapimwa tena, hana. Sasa anaota ndevu na ananijibu vibaya kama vijana wote. Mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, yake nayaacha.

Ya wifi yangu siyaachi. Alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu, uzi mwembamba wa kushonea, akaukaza kwa mafundo mawili. Hakusema neno. Kila nikimimina chai nauona. Nikikiosha unachuja rangi, unaacha doa la waridi pale mkono unaposhikana na kikombe, na doa lile halikutoka hata kwa majivu. Watu wananiambia samehe, yamepita. Sawa, yamepita. Chai kwake sijanywa mpaka leo.

Benchi la nje ya kliniki ndilo lililonipa watu. Ukienda tarehe zile zile unakuta sura zile zile. Mnaanza kwa kusogezeana nafasi, mwisho mnajuliana hali za watoto. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Marafa, mcheshi, akija benchi zima linaamka. Akakosa tarehe yake. Akakosa ya pili. Kwenye kitabu akaandikwa mtoro. Hapo benchini wakasema kaenda kwa mganga, wengine wakasema kaombewa akaacha dawa. Nikatafuta simu ya jirani yake nikampigia. Hakuwa kwa mganga wala kwenye maombi. Hakuwa na nauli. Dawa ni bure, kuonwa ni bure, na yeye hana pesa za gari kuja Malindi na kurudi. Kuomba aliona haya, kwa sababu ukiomba nauli ya hospitali lazima uulizwe unaumwa nini.

Tuliokuwa benchini siku ile tukatoa hamsini hamsini tukamtumia kwa M-Pesa. Akaja. Jina hatukuwa nalo, katiba hatukuwa nayo, mwenyekiti hatukuwa naye. Ukiniuliza kikundi chetu kilizaliwa lini nitakwambia siku ile, ingawa cheti kina tarehe nyingine. Hapo ndipo ninapotaka ushike, mwanangu. Anza na nauli.

Miaka iliyofuata mingi haina hadithi. Tulisajiliwa, tukagombana, tukapatana, mweka hazina akaolewa Mombasa akaenda na daftari, tukanunua daftari jingine. Niingie kwenye kisa cha kalenda moja.

Lilikuja shirika moja, jina nalihifadhi ingawa halistahili kuhifadhiwa. Vijana wasafi, wenye maneno matamu. Wakatualika semina kwenye hoteli ya ufukweni, msimu wa mvua, wakati watalii wa Kiitaliano wamerudi kwao na vyumba viko tupu. Tukala samaki, tukapewa posho, nami nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Siku ya kufunga wakatupanga kwenye ngazi tupigwe picha. Niliuliza mbele ya wote: picha hizi za nini? Nikaambiwa ni za ripoti, zinaingia ofisini, hazitoki. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na shule, akauliza tena. Akajibiwa vile vile, na akachekwa kidogo.

Desemba, siku za Ukimwi Duniani, zikatoka kalenda. Kubwa, karatasi ya kung'aa. Sura ya mwenzetu wa mahamri iko mwezi wa Machi, na chini yake maneno ya kuishi na virusi kwa matumaini. Moja ikatundikwa kwenye duka la dawa hapa mjini, juu ya kaunta, kila anayenunua Panadol anamwona. Wiki haikuisha mahamri yakaanza kudoda. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu ng'ambo ya barabara wakimpungia mkono. Mtoto mmoja aliyekuwa mteja wake wa kila siku alimwambia bila hila, "Mama kanikataza." Shirika lilipoambiwa lilileta unga, mafuta ya kupikia na barua ya pole yenye muhuri.

Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutangaza majibu ya mtu bila idhini yake ya maandishi, na imeunda baraza lake maalumu la kusikiliza malalamiko ya namna hii. Nilimwambia twende, nitakusindikiza mpaka Nairobi. Alikataa. Alisema kesi nayo ni kalenda. Akafunga jiko lake akahama mji.

Naandika haya na damu inanichemka upya. Mfadhili akiwakuta hamjajipanga atazinunua sura zenu kwa sahani ya samaki, na mtashukuru. Tangu siku ile kikundi chetu hakipigwi picha. Si za ripoti, si za simu, si za mgeni anayelia machozi. Kuna waliotunyima pesa kwa hilo. Mmoja alinieleza kwamba huko kwao wanaotoa hela wanataka kuona walengwa. Nikamwambia walengwa ni hao unaowaona, waangalie kwa macho.

Na jina la kikundi lisiseme kitu. Cheti chetu kinasema kikundi cha akina mama cha maendeleo, basi. Sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba, na viongozi wanaojulikana. Haitaki kujua damu zenu zina nini. Daftari letu la nauli limeandikwa kwa namba, na namba ipi ni ya nani wanajua watu wawili tu. Mambo mengine ya usajili ofisi ya maendeleo ya jamii itawaeleza, hayana ugumu, yana foleni.

Pesa? Zile hamsini hatukuziacha, tukazifanya za kila wiki. Zilinunua viti vya plastiki, kidogo kidogo, kisha masufuria makubwa ya pilau na miiko yake. Tunakodisha. Harusi, maulidi, matanga, mikutano ya wanasiasa (hao wanalipa mbele, kwa mkopo hatuwapi). Kinachoingia kinalipa nauli kwanza, kiti kilichovunjika mguu kinangoja. Na hapa naomba ruhusa nicheke. Watu wale wale walioogopa hamri la mwenzetu wamekula pilau la masufuria yetu katika mji huu, kuanzia Shella mpaka Kisumu Ndogo, wakaomba na ukoko. Msiniulize harusi ya nani.

Nilichokijenga nilikijua Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla. Tangu mwaka 2003 mpango wao wa PEPFAR ndio uliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa Ukimwi katika nchi kama yetu: dawa, vipimo, na mishahara ya wale vijana wanaokupigia simu ukikosa tarehe. Kukaamkwa asubuhi, vijana hawapo. Ofisi zikafungwa, mabango yakabaki yananing'inia. Vikundi vilivyokuwa vikikutana kwa sababu ya posho havikukutana tena. Sisi tulikutana Alhamisi ile kama Alhamisi zote. Tukagawana waliokosa tarehe, pesa za viti zikalipa bodaboda, tukawafuata mpaka Ganda, mpaka Gongoni. Tulikuta watu wamesikia kwamba dawa zimekwisha, wengine wanameza leo na kuruka kesho ili chupa iwafikishe mbali. Hilo usilifanye hata siku moja. Ukiruka ruka unavipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, na ikishazoeleka haikusaidii tena. Tulikaa nao, tukawaambia chukueni tarehe, njooni, nauli hii hapa. Walikuja. Nitajisifu kwa hilo mpaka nife, na asiyependa kusikia afunge ukurasa.

Sasa tunaambiwa kliniki zetu za CCC, zile za wenye virusi peke yao, zinaunganishwa na huduma za wagonjwa wengine. Wengi wanaogopa. Mimi naona kuna la kupendeza humo: ukikaa foleni moja na wa kisukari na wa presha, nani atajua umefuata nini? Ila muuguzi uliyemzoea humkuti, unajieleza upya kwa mgeni, na aliyegundulika juzi hana kifua hicho. Mwanakikundi amsindikize. Akae naye tu.

Vijana wangu, mnapenda vyeo. Mwenyekiti, katibu, mratibu wa mradi, na mradi wenyewe haupo. Kiongozi wa kikundi cha namna hii ni yule anayejua nani hakuonekana mwezi huu na nyumba yake iko wapi. Cheo kingine sikijui. Na msije mkahubiri dawa na nyinyi wenyewe hammezi. Kwa wengi wetu kidonge ni kimoja kwa siku. Mwezi wa Ramadhani ukizungumza na muuguzi kabla ya kufunga, unakihamishia baada ya futari au wakati wa daku, na saumu yako iko palepale. Ukimeza kila siku mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione tena, na ukaendelea hivyo, humwambukizi mwenzako kwa tendo la ndoa. Hilo limethibitishwa na wataalamu wa dunia nzima, si maneno ya benchini. Kikundini mwetu wameoana wawili, na viti vya harusi yao hatukuwatoza.

Wakina mama wataniuliza kuhusu chupa, maana ndilo linalowatesa. Ukitembea, vidonge vinacheza ndani ya mkoba, na ndani ya matatu kila mtu anageuza shingo. Msivimwage kwenye karatasi wala mfuko, vinashika unyevu. Viacheni kwenye chupa yake, juu yake shindilieni pamba safi, kavu, mpaka kifuniko, itanyamaza kabisa, na mkifika nyumbani itoeni, maana pamba nayo huvuta unyevu. Karatasi ya jina ibandueni mkifika nyumbani, lakini tarehe ya mwisho wa dawa iandikeni pembeni kwanza.

Kuna na utaratibu wa mmoja kuwachukulia wenzake. Wale waliotulia kwenye dawa, vipimo vyao vizuri, wanaweza kuwekwa kundi moja, na kila mara anakwenda mmoja kuchukua za wote, wakipokezana. Unakubalika, muulizeni muuguzi wenu. Kwenu wa visiwani huo ni ukombozi, maana nauli ya boti ya watu wote inakuwa ya mtu mmoja, na anayeonekana kliniki ni mmoja. Unaona tumerudi kwenye nauli.

Mwisho, wanaume. Umesema hawataki kuja. Hata kwetu hawaji, wanatuma wake zao. Lakini wako wavuvi nao, na mvuvi akishakwenda dago tarehe ya kliniki inamkuta kambini. Huyo si mtoro. Kabla hajaondoka aombe dawa za miezi mitatu, aliyetulia hupewa, chupa aifunge kwenye nailoni mbili isiguswe na maji ya chumvi. Na nahodha mmoja mwaminifu mfanyeni mwanachama, hata kama yeye hana virusi. Sisi mwenye tuktuk wetu hana, alijiunga kwa sababu ya dada yake, na siku ya mkutano ndiye wa kwanza kupanga viti.