Zafarani: kidogo ndicho kinachofaa

Nimekuwa nikinywa zafarani, kiungo cha nyuzi nyekundu za ua, kwa muda sasa, na wengi wanaoniuliza habari zake wanataka kusikia kwamba inatibu kila kitu. Haitibu kila kitu. Ushahidi wenye uzito zaidi uko upande wa hisia: sonona (huzuni nzito isiyoisha) isiyo kali, na adha zinazowapata wanawake kabla ya hedhi. Tafiti nyingi za sonona zilitumia miligramu 30 kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8, na waliotumia zafarani walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nyingi zilikuwa tafiti ndogo, tena za Iran, nchi inayoongoza kwa mbali kulima zao hili, kwa hiyo mimi nina matumaini lakini siapi.

Miligramu 30 ni kama nyuzi 15 tu. Huzitwanga kwenye kinu kidogo na sukari kidogo, nikamimina maji ya moto, nikafunika kikombe kama dakika 20. Krosini, inayoipa zafarani rangi yake, huyeyuka kwenye maji. Ukizikaanga nyuzi kwenye mafuta, nyingi haitoki. Nikinywa jioni hulala vizuri zaidi na kuamka moyo ukiwa mwepesi. Kwangu hilo linatosha.

Jihadhari na feki. Ua moja lina nyuzi 3 pekee, huchumwa kwa mkono, na kilo moja huhitaji maua kama 150,000. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana watu huchakachua. Tia nyuzi kwenye maji baridi: zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu taratibu na nyuzi hubaki nyekundu. Maji yakiwa mekundu papo hapo na nyuzi zikapauka, hiyo ni rangi ya kupaka. Ya unga siinunui kabisa, maana ni rahisi mno kuichanganya na manjano.

Kuongeza kipimo hakuongezi faida. Kuanzia gramu 5 zafarani huwa sumu, na kwa mjamzito kiasi kikubwa kinaweza kuharibu mimba. Ya kutia ladha kwenye chakula haina tatizo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, za shinikizo la damu au za sonona aongee na daktari wake kwanza. Na dawa za sonona usiziache ghafla ili ujaribu zafarani, hata kama unajisikia umepona.