Binti yangu na bweni la kimataifa

Swali: Shikamoo Shangazi, niko Ngamiani Tanga, binti yangu kapata ufadhili shule ya bweni ya kimataifa, wanasoma IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) badala ya fomu faivu na siksi, naogopa atakwama chuo hapa nyumbani na upweke utamsumbua, nimruhusu kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, mruhusu. Diploma ya IB ni miaka 2, masomo 6 na insha moja ya maneno hadi 4,000 (ndo inawatoa jasho hiyo), alama za juu 45 na kufaulu angalau 24, akitaka chuo cha hapa cheti anapeleka NECTA, Baraza la Mitihani, wanamlinganishia na cha fomu siksi. Upweke upo, wiki za mwanzo atalia sana, we usimpigie kila saa, kubalianeni Jumapili jioni, na siku ya kuondoka mfungashie visheti vya kutosha ale na wenzake wa chumbani.