Petroli ya mashine ya nyasi: usiiweke kwenye stoo ya jikoni

Ndugu wa Lanet, umeuliza mambo mawili: kama lita tano za petroli ya mashine ya nyasi zinaweza kukaa kwenye stoo ya jikoni, na kama mtu wa boda anaweza kukubebea mashine na mafuta yake hadi shambani Njoro. Stoo, hapana. Boda, inategemea.

Mimi nakata nyasi za watu hapa Nakuru mwaka wa tisa sasa. Mwaka wa pili nilikuwa Milimani na ile mashine ya kuning'iniza begani, ikazimika kwa kukosa mafuta. Mvua ilikuwa imeshafunga upande wa Menengai, nami nilitaka kumaliza. Nikajaza palepale, injini bado moto, jerikeni zito. Matone machache yakaangukia ekzosi. Vuuup! Nikaitupa mashine nikaruka nyuma. Dada wa nyumba akaja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia, maana petroli huelea juu ya maji na moto ungesambaa nao. Tulizima kwa udongo wa kitalu cha maua. Nywele za mkono zilikwisha, na mwenye nyumba akanikata pesa ya maua yake.

Tangu siku hiyo mashine ikizimika naiacha dakika kumi au zaidi ipoe, ndipo nijaze, nje, mbali na mtu anayevuta sigara.

Watu huogopa petroli yenyewe, lakini kinachoshika moto ni mvuke wake. Unatoka hata kwenye baridi ya kugandisha maji, sembuse mchana wa Nakuru. Tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi uikute gesi yako au jiko la makaa. Mama watoto, tangu lori la mafuta lilipowaka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009 na kuua zaidi ya watu 100, hataki hata harufu yake mlangoni. Yangu inakaa kibanda cha nje, kivulini, penye hewa na kufuli. Usitie kwenye chupa ya soda, mtoto atainywa.

Sasa boda. Njoro kuna petroli, kwa nini uibebe kutoka Lanet? Mwaga ya kwenye tangi irudi kwenye mtungi, mashine ipoe, isafiri tupu, mafuta ununue huko. Ukilazimika kubeba kwa gari, tumia mtungi uliotengenezewa petroli. Jerikeni la mafuta ya kupikia kifuniko chake huvuja. Niliwahi kusafiri na moja kwenye buti hadi Molo, kichwa kikaniuma siku nzima. Kituoni mtungi uwekwe chini ardhini, si kwenye buti wala juu ya pikipiki, na mdomo wa pampu uguse mtungi, kwa sababu umeme tuli unaweza kutoa cheche. Usijaze hadi juu, petroli hutanuka kwa joto.

Iliyokaa miezi mingi usiitie, itaziba kabureta na fundi atakula pesa yako.

Halafu hukusema mashine ni ya stroku mbili au nne. Ya stroku mbili petroli yake huchanganywa na oili, nyingi 1 kwa 50, yaani mililita 100 za oili kwa lita tano za petroli, lakini za zamani hutaka zaidi. Angalia kifuniko cha tangi, huwa wameandika.