Jibu: Kilima kifupi, mbona tunaishia njiani?

Habari ndugu. Nimekusoma: kilomita 4 hadi kileleni, mwinuko wa mita 300 tu, na bado mmegeuka mara mbili mkiwa hoi, vichwa vinauma, maji yamekwisha.

Kabla ya kulaumu miguu, angalia saa mnayoanza. Mimi nilikuwa naanza saa nne asubuhi, nikijidanganya kwamba kilima chenyewe ni kifupi. Jua la utosini likanikuta kwenye mwamba mtupu, hata kichaka hakuna, nakamua chupa nipate matone ya mwisho. Siku hizi saa kumi na mbili na nusu niko njiani. Isitoshe, radi hupenda alasiri, na kileleni hakuna pa kujificha.

Muda piga hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Yenu inatoka kama dakika 80 kwenda, bila mapumziko. Mkiwa na watoto, zidisha mara mbili. Maji nusu lita kwa saa kwa kila mtu, jua likiwa kali ongeza. Mwendo uwe wa kupiga soga. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.