Ticha umekabidhiwa maktaba na hujasomea? Anzia hapa

Dada yangu wa Mafinga, unauliza utajiendelezaje na koneksheni utazipata wapi maana mkuu wa shule kakubwagia maktaba na we ni mwalimu wa Kiswahili tu, pole, mi mwenyewe nilianza na ufunguo mmoja na makabati mawili yamejaa vumbi. Nilichofanya, likizo nikapanda Kosta mpaka maktaba ya mkoa Mbeya mjini nikamwomba mkutubi nikae nae nione anavyofanya kazi, akanionesha kubandika lebo za Dewey, yani namba za kupanga vitabu kwa somo, kwenye mgongo wa kitabu, 510 hesabu, 630 kilimo, na daftari la kuazima lenye safu ya tarehe ya kurudisha, yani siku tatu zile zilinifaa kuliko semina zote nilizokaa na soda yangu. Kwako Iringa mjini ndo karibu, nenda.

Ukitaka cheti au diploma kuna SLADS, chuo cha ukutubi kule Bagamoyo, ipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ulizia pia TLA, chama cha wakutubi.

Ila koneksheni zenyewe zinaanzia kwa jirani, sisi tulifungua grupu la WhatsApp la walimu watano, tunaazimana vitabu vya fasihi kwa boksi, anayepokea anahesabu mbele ya dereva wa Noah aliyelileta kabla hajaondoka. Usisahau kumtaarifu mkuu wa shule kwa maandishi, vikipotea vitabu unaweza kulipishwa we.