Picha ya Yesu wa Huruma: mbona yangu haifanani na ya mwenzangu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo! Nimenunua picha ya Huruma ya Mungu ya sebuleni, sasa jumuiya ilipokuja kusali kwangu mama mmoja akasema eti hiyo sio ile ya kweli, ya kwake Yesu anaangalia chini, yangu anakutazama usoni kabisa. Nimepigwa au? Halafu ile niliyokuwa nayo zamani ilipauka yote, hii nifanyeje isipauke? (Mama Pacha, Morogoro)

JIBU: Milele amina mama. Hujapigwa, na huyo mama naye hajakosea sana. Sista Faustina, mtawa wa Poland, alipata maono ya Yesu kule Płock, Februari 1931, akaambiwa achoreshe picha, ila yeye mwenyewe sio mchoraji, basi ikabidi isubiri mpaka 1934 pale Vilnius (Lithuania ya leo) ndipo Padre Sopoćko, muungamishi wake, akamtafuta mchoraji Kazimirowski, na Sista akawa anaenda kumwelekeza. Hiyo ndiyo ya macho chini, na ndiyo pekee aliyoiona kwa macho yake. Na hata hiyo alilia jamani, akasema haifikii uzuri aliouona, akajibiwa na Bwana kwamba ukuu wa picha hauko kwenye rangi wala brashi, uko kwenye neema yake.

Ya kwako ni nakala ya ile ya mchoraji Adolf Hyła, yenyewe iko Łagiewniki, Kraków, Poland, aliichora 1944, Sista ameshafariki tangu 1938. Hii ndiyo iliyosambaa sana duniani kwa hiyo usishangae kuikuta kila duka la parokia. Mimi binafsi naipenda ya Vilnius, ile sura imetulia, lakini ni mapenzi tu, sali na yako.

Cha kuangalia ni jinsi ilivyochapwa. Kuna nakala zimegeuzwa kama kwenye kioo, Yesu anabariki kwa mkono wa kushoto! Mkono ulioinuliwa uwe wa kulia, na ukiitazama picha mwale mweupe (maji) unaotoka kifuani mwake uwe upande wako wa kushoto, mwekundu (damu) kulia. Na maneno Yesu nakutumainia yasomeke vizuri, maana kuna zingine fremu imekula nusu ya maandishi.

Kupauka ni jua mama. Wino wa bei rahisi rangi nyekundu na njano ndio zinawahi kuondoka, inabaki bluu bluu, yaani mwale wa damu ndio unakufa wa kwanza. Itundike ukuta usiopigwa na jua la dirishani, mwambie fundi fremu aweke kadibodi pembeni ili karatasi isigandane na kioo, na mshumaa ukae mbali kidogo, moshi unaiharibu pole pole. Kama bado haijabarikiwa mpelekee padre au shemasi aibariki, hata baada ya misa tu inatosha.

Ile iliyopauka kama ilibarikiwa usiitupe jalalani, ichome halafu majivu uyafukie.