Niache kazi ya dukani nikamtumikie Mungu?

Dada wa Majengo, shikamoo kama umenizidi umri. Unasema miaka minne unauza saruji na mabati hapo Moshi, huoni maana, unataka uache ukamtumikie Mungu. Nakuelewa, nilikuwa karani wa stoo Arusha, kila Jumatatu tumbo linaniuma.

Usiache kwanza. Paulo alipowaandikia Wakolosai (3:23) wafanye kazi kama kwa Bwana, alikuwa anaongea na watumwa, watu wasio na hiari ya kuondoka. Anzia hapo hapo kaunta: mama anayejenga chumba kimoja mpigie hesabu ya mifuko kwa haki, asibebeshwe ya ziada. Mimi kilichonibadilisha ni Jumamosi mbili kwa mwezi, kuwapelekea uji wagonjwa wasio na ndugu (kwa ruhusa ya muuguzi wa zamu, usijiingilie tu wodini). Muulize mchungaji wako nani anahitaji mkono.

Ila anayekushawishi uache mshahara uhamie kwenye huduma yake, mkimbie. Na kama hulali, huli, hata kuimba kwaya hakuna ladha, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi ukamwone daktari. Huo si upungufu wa imani.